Kumtafuta Aliyepotea Porini

Mtu apoteapo msituni, majirani wema hukimbilia huko kwa wingi, kila mmoja akipiga kelele. Nia yao ni njema, lakini mara nyingi huzikanyaga nyayo ambazo zingaliwaongoza.

Mwezi wa Februari, 1981, mtoto wa kiume wa miaka 9 alipotea katika mlima wa Palomar, California, nchini Marekani. Mamia ya watu walimtafuta. Alipoonekana alikuwa amekwisha kufa. Ab Taylor, fundi wa kufuata nyayo aliyekuwamo katika msako ule, alisaidia kuanzisha mafunzo kwa watoto: ukipotea, kumbatia mti, ukae papo hapo. Anayetulia mahali pamoja hupatikana kwa urahisi kuliko anayetangatanga.

Watafutaji nao wana mafunzo yao. Kwanza, mahali alipoonekana mara ya mwisho pazungushiwe kamba, asipakanyage mtu. Pili, unyayo wake upimwe, na hatua yake pia, kwa fimbo iliyotiwa alama, usije ukachanganywa na wa mwingine. Tatu, nyayo zitazamwe asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwa kuwa vivuli huzidhihirisha. Nne, watu waende kwa safu, waite jina lake, kisha wanyamaze wote pamoja na kusikiliza. Sauti ya mtoto aliyechoka ni ndogo.

Basi ni heri kila kijiji kiwe na watu wachache waliojifunza haya mapema, kwani siku ya msiba si siku ya kufundishana.