Paa la Majani Ngamiani
Mchana wa Machi pale Ngamiani, Tanga, bati linawaka. Hata paka hakanyagi. Mwenye paa la zege akipanda majani juu yake, chumba kitapoa kiasi gani? Programu ya EnergyPlus, ya Wizara ya Nishati ya Marekani, hukadiria. Kanuni zake za paa la kijani, alizozichapisha David Sailor mwaka 2008, huuliza kina cha udongo, wingi wa majani, unyevu. Zilijaribiwa kwa vipimo vya Florida, kwenye fukuto kama letu. Ila paa hilo hupoa kwa kutoa mvuke, na hewa ya Tanga tayari ina mvuke mwingi. Halafu kaskazi ikikausha udongo, tutamwagilia kwa maji gani? Ukiiambia programu maji yapo, itaamini.