Mang'ola na Maji ya Oldeani

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wazee, akina mama na vijana, Ololosokwan



Nimepewa heshima ya kuwaeleza habari za mji mdogo wa wakulima ulio kando ya ziwa, nao ni Mang'ola, katika Wilaya ya Karatu. Huenda mtu akauliza: sisi wafugaji wa Ololosokwan, tunaoishi karibu na mpaka wa Kenya, tuna shughuli gani na wakulima wa vitunguu? Naomba mnivumilie, nitalijibu swali hilo.

Mtu akitoka hapa akielekea kusini, akapita Loliondo na nyanda za juu za Ngorongoro, hufika Karatu. Kutoka hapo huteremka kusini-magharibi kiasi cha kilomita 50 hadi Bonde la Eyasi. Ziwa Eyasi liko mita 1,030 hivi juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa kaskazini-magharibi umesimama ukuta mrefu wa Bonde la Ufa. Maji yake ni ya magadi na hayana njia ya kutokea. Miaka ya ukame ziwa hupungua, sehemu kubwa ikabaki uwanda mweupe. Maji hayo hayafai kumwagilia shamba, na mvua ya bondeni ni haba.

Basi Mang'ola huishi kwa nini? Huishi kwa chemchemi, hasa zile za Qangdend. Mvua inayonyesha juu ya Mlima Oldeani na katika msitu wa Ngorongoro hupenya kwenye miamba ya volkano, hupita chini ya ardhi, kisha hutokeza bondeni ikiwa maji matamu. Oldeani ni jina la lugha yetu, maana yake mianzi.

Binadamu wameishi huko tangu kale. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliokota vipande vya fuvu la binadamu wa kale kando ya ziwa mwaka 1935, na pango la Mumba limetoa zana za mawe za zamani sana. Wahadzabe, wawindaji na warina asali, ndio wenyeji wa bonde hilo. Baadaye walikuja Wadatoga na ng'ombe wao, kisha Wairaqw, Waisanzu, Wanyiramba, Wasukuma na wengineo waliofuata maji na kuchimba mifereji. Kwa kuwa kila mmoja alikuja na lugha yake, Kiswahili kikawa lugha ya mji. Miaka ya 1960 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliweka kambi Mang'ola kuchunguza maisha ya mchanganyiko huo.

Leo Mang'ola hujulikana kwa vitunguu vyekundu, ambavyo husafirishwa hadi Arusha na hata Kenya. Lakini mashamba yameongezeka kuliko chemchemi. Aliye juu ya mfereji humwagilia kwanza. Aliye mwisho hungoja zamu yake, na kiangazi kikikaza, zamu huweza kufika maji yakiwa yamekwisha. Mfugaji naye hutaka njia ya kufikisha ng'ombe majini, na Mhadzabe huona pori lake likigeuzwa shamba.

Sasa nalijibu lile swali. Katikati ya karne ya 19 babu zetu waliwaondoa Wadatoga katika Kreta ya Ngorongoro, na wengi wakateremkia upande wa Eyasi. Makaburi ya wazee wao yamebaki ndani ya kreta, nao huyaheshimu hadi leo. Sisi tuliwaita Mang'ati, yaani maadui, na jina hilo limeenea Tanzania nzima. Watu hulitamka bila kujua maana yake. Hata hivyo, maji anayokunywa mtoto wa Mdatoga huko Mang'ola yameanzia katika msitu ambao ndugu zetu wa Ngorongoro huishi kando yake. Msitu huo ukikatwa, chemchemi itakauka mbali, mahali ambapo aliyeshika shoka hatapaona.

Wazee wangu, sisi tunajua uchungu wa kugombania malisho na maji. Ndiyo maana nawaomba vijana wetu wamwite Mdatoga kwa jina lake mwenyewe, na wautazame msitu wa juu kama kisima cha jirani. Mtu hachafui kisima ambacho jirani yake hunywa, hata kama babu zao walipigana.