Ndiyo ya Darasa Zima

Msikilizaji, pita karibu na dirisha la shule ya msingi yoyote ya huku kwetu wakati wa kipindi. Utamsikia mwalimu: "Tumeelewa?" Darasa zima linaitika: "Ndiyooo!" Mwalimu anasonga mbele: "Kwa hiyo maji yakichemka yanageuka kuwa mvu...?" Watoto wanammalizia: "Mvukeee!" Mpita njia anatikisa kichwa kwa kuridhika, akiamini hapo watoto wanasoma. Mimi nasema hapo wanaitikia. Yuko mtoto dawati la nyuma aliyeitika kwa sauti kuwapita wote, na ukimwuliza peke yake huo mvuke umetoka wapi, atakukodolea macho tu.

Sisemi kuitikia kwa pamoja kupigwe marufuku. Kwa herufi za darasa la kwanza na kwa jedwali la kuzidisha kunafaa sana, na watoto wanafurahia. Ubaya unaanza pale mwalimu anapotumia kuitikia huko kupima nani ameelewa.

Tumtendee haki mwalimu. Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza Tanzania, watoto wengi waliokuwa wamebaki nyumbani waliletwa shule. Ni jambo la heri, lakini madarasa yalifurika. Mwenye watoto 90 mbele yake na kipindi cha dakika 40 hawezi kuongea na kila mmoja. Afanye nini, na chaki yenyewe anahesabiwa?

Aanze kwa kunyamaza. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za vipindi vya sayansi vilivyorekodiwa madarasani. Aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali, kwa wastani husubiri sekunde 1 tu, kisha anarudia swali, anamtaja mwingine, au anajibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde 3, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na watoto waliozoeleka kuwa wazito wakaanza kusema. Sekunde 3 zinaonekana chache? Tujaribu hapa hapa hewani.

Moja. Mbili. Tatu.

Fundi mitambo wangu tayari alikuwa anaangalia kama mtambo umezima. Sisi wa redio tunauogopa ukimya, na mwalimu anauogopa hivyo hivyo, maana anadhani darasa litamponyoka. Kumbe ndani ya ukimya huo ndimo mtoto asiye na haraka anapotafuta jibu lake.

Lakini ukimya peke yake, bila njia ya kumchagua wa kujibu, utawanufaisha wale wale watano wa mbele wanaonyoosha vidole kila siku. Hapa ndipo visoda vinapoingia, vile vizibo vya chupa tunavyohesabia darasa la kwanza. Andika ndani ya kila kizibo namba ya mwanafunzi kama ilivyo kwenye daftari la mahudhurio, vitie vyote kwenye kopo. Uliza swali kwanza. Nyamaza. Halafu ndipo uchomoe kizibo. Ukitaja jina kabla ya swali, watoto 89 waliobaki wamekwisha kupumzika.

Na usimchomoe mtoto akiwa hana la kusema. Mpe kwanza nusu dakika anong'onezane na jirani yake wa dawati, wakubaliane jibu. Madawati yetu yanabana watoto watatu, wanne, tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Basi walau ubanano huo ufanye kazi. Hata Chuo Kikuu cha Harvard, profesa wa fizikia Eric Mazur aligundua kwamba wanafunzi wake walikuwa wanakokotoa vizuri kwa kanuni huku dhana yenyewe hawaijui. Tangu 1991 akawa anauliza swali la kuchagua, kila mmoja anajibu peke yake, halafu wanabishana na majirani na kujibu tena. Darasa lako halihitaji mitambo ya kukusanyia majibu. Vidole kifuani vinatosha: kimoja kwa jibu A, viwili kwa B. Kwa mtazamo mmoja umeona wangapi wamepotea, na mtoto hakuaibika mbele ya mtu.

Aibu ndiyo inayofunga midomo. Anayekosea akichekwa leo, kesho hanyooshi kidole. Akichapwa, hata wenzake hawanyooshi. Uliza tu, "Umefikaje hapo?" na kwa mwenye jibu sahihi uliza vile vile, ili swali hilo lisije likawa dalili ya kosa.

Najua walimu mnaonisikiliza mnasema: na muhtasari nani ataumaliza? Maswali kumi kwa sekunde 3 ni nusu dakika. Minong'ono itakula zaidi, ni kweli. Ila mada iliyomalizwa na mwalimu peke yake itarudiwa tena wiki ya mtihani.

Linalonisumbua zaidi ni kidato cha kwanza. Mtoto aliyekuwa mchangamfu darasa la saba kwa Kiswahili anaingia sekondari, masomo yanageuka Kiingereza, anakuwa bubu. Huyo hata umpe sekunde 30, hana maneno. Mwacheni ajadiliane na jirani yake kwa Kiswahili, kisha wasaidiane kutunga sentensi moja ya Kiingereza ya kuliambia darasa. Shule nyingi bado zinamwadhibu kwa kuongea Kiswahili. Mthibiti ubora atakayekuja kukagua andalio la somo na azimio la kazi, namwomba akae dawati la mwisho kipindi kizima, ahesabu ni wangapi wamefungua mdomo.