Wataalamu wa mbali walifuata nini Arusha?

Ndugu wana Ngarenaro mliotoka Dar, Nairobi na ng'ambo, karibuni nyumbani.

Kila mwaka tunaulizana kwa nini vijana wetu waliosoma wanaondoka. Safari hii tumeligeuza swali: wale waliosoma kwao wakaja kwetu, walifuata nini?

Tuliokuwepo mwaka 1995 tunakumbuka Baraza la Usalama lilipoamua Mahakama ya Rwanda iwe Arusha. Pale AICC wakajaa mawakili, wakalimani na wachunguzi kutoka Senegal, Gambia, Kanada na kwingineko. Walifuata dola? Wapo, hatukatai, na wenye nyumba mjini wanalijua hilo vizuri. Lakini dola zipo hata Geneva. Mwaka 1998 ilitolewa hapa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mwanasheria gani asingetaka kuwa karibu na kazi kama hiyo? Mahakama ilifungwa mwishoni mwa 2015.

Halafu wapo walimu na wahasibu kutoka Kenya. Hao walipita Namanga kwa basi. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, liliwarahisishia njia, ingawa kibali cha kazi bado kina gharama zake. Baadhi yao wamepanga vyumba kwetu. Tukiwauliza, hawaanzi na mshahara. Wanasema shule iliwahitaji, majirani waliwapokea, na mama akiugua wanapanda basi asubuhi, mchana wako naye.

Sasa turudi kwetu. Mwalimu wa fizikia tuliyemsaka kwa muda mrefu aliondoka kabla muhula haujaisha. Ni mtoto wa mtaa huu huu. Hakukuta maabara, akafundisha umeme kwa kuchora betri ubaoni. Chumba alichopewa hakikuwa na maji. Alipoondoka, sisi tulimsema kwamba anapenda fedha. Tulimkosea, na tunalisema mbele yenu.

Ndiyo maana mwaka huu hatuchangishi posho. Tunachangisha meza za maabara, vifaa vyake, na chumba cha mwalimu chenye bomba ndani. Fomu za ahadi anazo mweka hazina, pale mlangoni. Mwalimu tumeshampigia simu. Hakukubali, wala hakukataa. Amesema atapita Januari kuangalia.