Sharti Lisiloandikwa: Shahada ya Hisabati kwa Vijana wa Kasongo na Kabambare



Tangu Sheria Namba 14/004 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 11 Februari 2014, ilipofungua mlango wa mfumo wa LMD (licence, uzamili, udaktari), na hasa tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vya nchi vilipoanza kuufuata kwa upana, mazungumzo yetu kuhusu shahada yamegeuka kuwa mazungumzo ya kredi. Zamani kijana alisoma graduat kwa miaka mitatu, kisha licence kwa miaka miwili. Leo licence ndiyo shahada ya kwanza: miaka mitatu, mihula sita, kredi 30 kila muhula, jumla 180. Hesabu hiyo ni nyepesi kukagua, na labda ndiyo maana tunaipenda. Ninachodai katika mada hii ni kwamba kwa hisabati, na kwa hali ya Maniema ya kusini, yaani Kasongo na Kabambare, kredi 180 zinaweza kutimia zote bila shahada kupatikana. Masharti mawili yanayoamua kama mtu amesoma hisabati hayasimamiwi na yeyote: mpangilio wa masomo, yaani lipi lazima litangulie lipi, na mazoezi ambayo mwanafunzi ameyaandika kwa mkono wake, yakasahihishwa, yakarudishwa kwake, akayaandika upya.

Orodha yenyewe ya masomo haina ugomvi mkubwa. Ukienda Dar es Salaam, Makerere, Kisangani au Leuven utakuta karibu mambo yale yale: uchanganuzi, aljebra ya vekta na matriki, aljebra ya miundo, jiometria, uwezekano na takwimu, hesabu za kukadiria kwa kompyuta, na fizikia kidogo. Vyuo hutofautiana katika kina na muda kuliko katika majina. Lakini orodha ikisomwa kutoka juu hadi chini huficha jambo moja: masomo haya yanashikana. Asiyeelewa maana ya kikomo hawezi kuelewa mwendelezo wa fankisheni. Asiyeelewa mwendelezo atakariri integrali bila kujua kwa nini ipo. Na huyo akifika kwenye milinganyo ya diferensiali atabaki kubadilisha herufi kwa kufuata mfano wa ubaoni. Vivyo hivyo, kusoma fankisheni zenye vigeu vingi kabla ya matriki ni kupoteza wakati wa watu wote, kwa kuwa derivativi ya fankisheni hiyo yenyewe ni matriki. Katika historia au sosholojia, mwanafunzi aliyekosa somo moja anaweza kulisoma baadaye na asidhurike sana. Kwetu sivyo. Pengo la mwaka wa kwanza linarudi kila muhula, likiwa na jina jipya.

Sasa tutazame namna masomo yanavyotolewa hapa. Maprofesa wenye udaktari katika hisabati ni wachache nchini, na waliokubali kuishi Kasongo ni wachache zaidi. Kwa hiyo somo zito hungoja mgeni kutoka Kindu, Kisangani, Bukavu au Lubumbashi. Mgeni hungojea barabara, na barabara hungojea mvua ikatike. Akifika, muda wake umehesabiwa, kwa sababu vyuo vingine viwili vinamsubiri. Somo la saa 45 linabanwa katika siku sita, ambazo ni saa saba na nusu kila siku. Silabusi inauzwa, mtihani unafanywa siku ya mwisho au wiki inayofuata, naye anaondoka. Tena ratiba ya mwaka hufuata safari za wageni: aliyefika kwanza anafundisha kwanza, hata kama somo lake lilipaswa kuja la tatu. Simlaumu mgeni, maana bila yeye hata hicho kidogo tusingekuwa nacho. Lakini tukubaliane juu ya kinachotokea kichwani mwa mwanafunzi. Uthibitisho wa teoremu hausikilizwi ukaeleweka papo hapo. Mtu huusoma jioni, hukwama kwenye mstari wa tatu, hulala nao, huamka na mfano unaopingana nao, hugundua kwamba sharti moja alilipuuza. Kazi hiyo inahitaji siku kati ya somo na somo. LMD yenyewe inalikiri jambo hili, kwani kredi inahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi pamoja na saa za darasani. Katika somo la siku sita, kazi hiyo binafsi imo kwenye karatasi za chuo peke yake.

Hapa yapo mapingamizi yenye uzito. La kwanza linasema: mbona AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzia Cape Town mwaka 2003 na kufungua kituo Kigali mwaka 2016, inafundisha hisabati kwa vipindi vya wiki tatu tatu, tena kwa wahadhiri wageni, na wanafunzi wake wanafaulu? Ni kweli, na mfano huo unatufaa kuliko mifano ya Ulaya. Ila tuutazame wote. Kwanza, wanaoingia AIMS tayari wana shahada ya kwanza. Kujenga mazoea ya kuthibitisha kumekwisha fanyika mahali pengine. Pili, wanafunzi wanaishi pamoja pale pale wanaposomea, na mgeni akiondoka wanabaki wasaidizi wanaokaa nao, wanaosahihisha kazi zao na kujibu maswali hadi usiku. Kwa hiyo mzigo hauko kwa mgeni peke yake. Ulio mwingi uko kwa asistanti anayebaki. Tunachokiiga sisi ni safari ya profesa, na kilichobaki tumekiacha Kigali.

Pingamizi la pili ni la wale wanaosema tunajisumbua bure: wengi wa wahitimu hawa watafundisha katika shule za Kasongo, Kabambare, Salamabila na vijiji vya katikati, na mwalimu wa sekondari hahitaji aljebra ya miundo. Ninalipinga hili kwa mfano mmoja tu. Mwanafunzi wa mwaka wa saba au wa nane wa elimu ya msingi anauliza: kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Mwalimu aliyekariri atajibu kwamba ndiyo kanuni. Mwalimu aliyesoma aljebra ya miundo, akaifanyia mazoezi, anajua kwamba jibu liko katika sheria ya mgawanyo. Jumla ya 1 na −1 ni sifuri. Zidisha jumla hiyo kwa −1, jibu linabaki sifuri. Lakini ukigawa kuzidisha huko, unapata −1 ukijumlisha na (−1)(−1). Ili jumla hiyo iwe sifuri, (−1)(−1) lazima iwe 1. Hakuna kilichotoka hewani. Somo linaloonekana la juu mno kwa Kabambare ndilo linalojibu swali la mtoto wa Kabambare. Afrika ya Mashariki ilikwisha kupata funzo upande huu. Mpango wa hisabati mpya, ulioandaliwa katika mikutano ya Entebbe kuanzia mwaka 1962, uliingiza seti na miundo katika vitabu vya shule, lakini walimu wengi walipokea vitabu bila kupokea hisabati iliyo nyuma yake. Kenya iliufuta mwaka 1981. Orodha ya mada ilikuwa nzuri. Aliyepaswa kuifundisha hakuwa amepewa muda wa kuielewa.

Pingamizi la tatu linaniumiza kichwa zaidi, na sidai kwamba nimelimaliza. Diploma ya Serikali hufungua mlango wa chuo kwa kijana aliyetoka sayansi, na pia kwa aliyetoka ualimu au biashara. Tukiweka sharti kwamba hakuna kuingia uchanganuzi wa pili bila kufaulu wa kwanza, darasa la mwaka wa pili linaweza kubaki na watu wanne, na chuo kinachotegemea ada hakiwezi kuishi kwa watu wanne. Ndiyo maana katika deliberasheni, yaani kikao cha kuamua matokeo, alama za somo jepesi hufidia za somo zito, na kijana anasonga mbele huku anadaiwa kredi. Jibu langu ni la njia ya kati. Fidia ibaki kati ya masomo yasiyotegemeana, mfano fizikia na takwimu. Isiruhusiwe katika masomo matatu tu: uchanganuzi wa kwanza, matriki na vekta, na somo la kuandika uthibitisho. Na muhula wa kwanza mzima utumike kujenga upya hisabati ya sekondari kwa macho mapya, ili aliyetoka biashara asihukumiwe kwa kitu ambacho hakuwahi kufundishwa. Masomo mapana ya mwisho wa shahada yapunguzwe kulipia muda huo. Wapo watakaosema tumeshusha kiwango. Kiwango cha somo ambalo halikueleweka sijui kinapimwaje.

Kuhusu gharama: wanafunzi tayari huchangia nauli na malazi ya wageni katika vyuo vyetu vingi, kwa hiyo fedha kiasi fulani inazunguka. Ninapendekeza kila profesa mgeni atume karatasi za mazoezi wiki nne kabla ya kufika, asistanti wa hapa azisahihishe pamoja na darasa, mgeni aje kufundisha watu waliokwisha kukwama mahali panapojulikana, kisha mtihani ufanyike mwezi mmoja baada ya yeye kuondoka. Asistanti alipwe kwa rundo la madaftari aliyosahihisha, na madaftari hayo yahifadhiwe kwenye faili la mwanafunzi kama sehemu ya kredi. Mpango huu hauhitaji umeme wala intaneti. Unahitaji karatasi, kalamu nyekundu na mtu anayekaa Kasongo.

Imebaki kazi ya mwisho wa masomo. Kazi hizi za kurasa hamsini, ambazo nusu yake hunakiliwa kutoka kazi za miaka iliyopita, ningeziondoa katika hisabati. Mahali pake mwanafunzi apewe teoremu moja inayofundishwa sekondari, kwa mfano ya Pythagoras, au kanuni ya mlinganyo wa daraja la pili, au ile kwamba kipeuo cha pili cha 2 si namba wiani. Aijenge kutoka kwenye fasili hadi mwisho, ubaoni, bila karatasi mkononi, mbele ya walimu wawili wa chuo na prefe (mkuu) mmoja wa shule ya sekondari ambayo huenda ikamwajiri. Wamkatize kila anapotumia neno ambalo hajalieleza. Prefe naye awe na haki ya kutoa alama.