Mtoto, Kitabu na Mche wa Mti: Shule ya Msingi kwenye Mteremko wa Kilimanjaro

*Mada iliyotolewa mbele ya Washarika na wageni wa Dayosisi siku ya kuwatunuku wanafunzi, katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika*



Siku ya kuwatunuku watoto wa shule ya msingi ina mapambo yake yanayojulikana. Meza hufunikwa kitambaa cheupe, madaftari hufungwa kwa utepe, na kamusi huwekwa juu kabisa kwa ajili ya yule wa kwanza. Majina husomwa, vigelegele hupigwa, na kila mama anayesikia jina la mwanawe husimama hata kabla ya kuombwa kusimama. Hakuna ubaya wowote katika furaha hiyo. Lakini safari hii Wazee wa Kanisa wameomba jambo moja litafakariwe kabla majina hayajasomwa, nalo ni hili: mtoto anatunukiwa kwa lipi? Je, ni kwa alama za mtihani peke yake, au pia kwa tabia yake na kwa kile alichokiotesha katika ardhi iliyomlea?

Ili swali hilo lijibiwe vema, hapana budi kurudi nyuma kidogo. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanza kazi Machame, kisha Mamba mwaka 1894, na Kidia huko Moshi ya Kale mwaka 1896. Popote walipojenga, shule na kanisa vilikua pamoja. Katika vituo vya mbali mara nyingi kibanda kilikuwa kimoja: siku za juma watoto walisoma herufi humo, na Jumapili wazazi wao walisikiliza Neno humo humo. Mwalimu na mwinjilisti alikuwa mtu yule yule. Wazee wa zamani walipotaja neno «msomaji» walimaanisha mwanafunzi, na pia walimaanisha mtu anayejiandaa kubatizwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini mwaka 1920, na hawakuanza kurejea hadi mwaka 1925. Katika miaka ile Waluteri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache mno kuufikia kila mteremko. Walioyabeba madarasa na ibada ni walimu wenyeji. Jambo hili lisipitwe haraka, maana sharika zilizozaliwa katika miaka ile zilizaliwa mikononi mwao, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Kila mara mtoto wa mlimani anapofungua kitabu, kazi yao bado inaendelea.

Ada ya shule ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye kahawa. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kichaga kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaanzishwa KNCU. Mama aliyechuma kahawa chini ya kivuli cha miti ya kihambani alikuwa akimlipia mwanawe karo, ijapokuwa hakuwahi kuingia darasani. Kwa maana hiyo, shule hizi zilisimama juu ya miti tangu mwanzo, kabla hata neno «mazingira» halijawa neno la mikutanoni.

Kisha ukaja mwaka 1967, Azimio la Arusha na andiko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizichukua shule za msingi zilizokuwa chini ya mashirika ya dini. Wapo wazee waliolia siku ile, wakisema nyumba waliyoijenga kwa mawe ya mtoni waliyobeba kichwani imekwenda. Huzuni yao ilikuwa ya haki, wala haifai kufichwa katika kitabu cha kumbukumbu. Hata hivyo, watoto hawakuchukuliwa. Walibaki wale wale, wakishuka kwa njia ile ile, na jioni wakirudi katika nyumba zile zile za washarika. Hivyo wajibu wa usharika kwa watoto hao haukufutwa na sheria yoyote. Kilichobadilika ni mwenye funguo za ofisi.

Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule iwe na shamba, na kazi ya shamba iwe sehemu ya kujifunza. Katika utekelezaji, mahali pengi mambo yalipinda. Shamba likawa mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani. Aliyefaulu hesabu alibaki kivulini na aliyeshindwa akapewa jembe. Watu wazima wengi waliosoma miaka ile wanakumbuka jembe kama fimbo ya pili. Basi isishangaze kwamba kizazi kilichomwagilia miti kwa adhabu hakikuipenda miti. Kosa hilo halijaisha lote. Bado zipo shule ambamo mtoto mkorofi hutumwa kuchota maji ya miche huku wenzake wakiimba. Pale panapofanyika hivyo, mradi wa mazingira umekufa hata kama miche yenyewe bado ni mibichi.

Kuhusu mitihani, taifa lenyewe limeanza kufikiri upya. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, lilieleza kwamba halitatangaza tena orodha ya shule bora na watahiniwa bora kama ilivyozoeleka. Wapo waliofurahi na wapo waliolalamika. Mada hii haitaki kudharau ufaulu. Mtoto aliyeamka alfajiri, akakata majani ya ng'ombe, akatembea hadi shuleni na bado akafaulu, huyo anastahili kamusi yake na vigelegele vyote. Lakini tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 na MMEM kuanza mwaka 2002, madarasa yamejaa, na ndani ya darasa lililojaa wamo watoto wengi ambao mtihani hauna sehemu ya kuandika wema wao. Yuko anayemshika mkono mdogo asiyeona vizuri. Yuko anayeokota kalamu na kuirudisha kwa mwenyewe.

Wazee wa Kichaga walikuwa na somo juu ya jambo hili, nalo limo kwenye mmea. Isale, ule mmea unaopandwa mipakani mwa kihamba, ni alama ya amani. Anayekuja na isale mkononi kuomba radhi hakataliwi kwa urahisi, na mwenye kumkataa huonekana ni mtu wa ajabu mbele ya ukoo. Mtoto anayefundishwa kuutunza mpaka wa masale anafundishwa mambo mawili kwa wakati mmoja: ardhi ya jirani isiguswe, na jirani akikosa asamehewe. Shule gani inahitaji bango la maadili kubwa kuliko hilo? Vivyo hivyo mfongo, ule mfereji wa asili uletao maji kutoka juu, ulikuwa na zamu zake na msaragambo wake. Asiyejitokeza kuusafisha hakuwa na ujasiri wa kudai maji.

Sasa hali ya mlima ielezwe kama ilivyo. Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895, na barafu yake inapungua: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007. Watu wengi hudhani kwamba maji ya mito hutoka kwenye barafu hiyo. Sivyo. Wataalamu wamekadiria kwamba asilimia 96 ya maji yatiririkayo kutoka mlimani hutoka katika ukanda wa msitu, unaopokea mvua na kukamua hata ukungu. Kwa hiyo moto wa msituni ni hatari kwa maji kuliko wengi wanavyofahamu. Oktoba 2020 moto uliteketeza karibu kilometa za mraba 95 za uoto wa mlimani, na Oktoba 2022 ukawaka tena. Barafu haiwezi kurudishwa na mtoto wa darasa la nne, lakini msitu na kihamba anaweza kuvisaidia.

Afanyeje? Hapa ndipo penye kazi. Mti wa shule haufi siku ya kupandwa. Siku hiyo yupo mgeni rasmi, ipo kamera, na maji yapo kwenye ndoo. Mti hufa Januari na Februari, wakati jua la kiangazi kifupi linapokuwa kali, au hufa Juni hadi Septemba, au huliwa na mbuzi wakati wa likizo. Mche uliotolewa kwenye kiriba ukapandwa masika unahitaji kuvuka angalau viangazi viwili kabla haujaweza kujitegemea. Basi hesabu ya miti iliyopandwa ni hesabu ya juhudi tu. Hesabu ya kweli ni ya miti iliyosimama baada ya miaka miwili, nayo mara nyingi hakuna anayerudi kuihesabu.

Aina ya mti nayo ina maana. Mgrivea hukua upesi na hutoa mbao na kuni, na ndiyo sababu umejaa mlimani. Mringaringa na msesewe hukua kwa subira zaidi, lakini ni miti ya nyumbani, na kahawa inauzoea mringaringa. Mkaratusi usipandwe karibu na chemchemi kwa sababu hunywa maji mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito na vyanzo vya maji. Mwalimu akiwapa watoto kamba, wakapima wenyewe mita hizo 60 kutoka kijitoni, watakuwa wamejifunza hesabu, uraia na jiografia kwa mchana mmoja, na baadhi yao watakwenda kumwambia baba kwamba migomba yake imeingia ndani ya mpaka. Mazungumzo hayo ya jioni nyumbani si mepesi, lakini ndiyo yanayoubadilisha mteremko.

Liko pia jiko la shule. Uji na makande ya watoto mia kadhaa hula kuni nyingi. Si sawa kuwafundisha watoto kupanda miti asubuhi na kuichoma mchana chini ya sufuria. Taifa limejiwekea Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Shule ya kijijini inaweza kuanza na jiko banifu lililojengwa na mafundi wa usharika, kabla ya kusubiri mtungi wa gesi.

Kanisa si geni katika jambo hili. Askofu Dkt. Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT kuanzia mwaka 2016 hadi 2023, alijulikana hata nje ya nchi kama askofu wa miti, na aliwahimiza vijana wa kipaimara wapande miti. Mtoto wa shule ya msingi na mwanafunzi wa kipaimara mara nyingi ni mtoto yule yule, mwenye umri ule ule. Anafundishwa na watu wawili wasioonana. Mwalimu Mkuu na Mwinjilisti wakikaa meza moja mara moja kila muhula, mti mmoja hautaandikwa katika ripoti mbili.

Kutokana na hayo, Wazee wa Kanisa wanaliweka pendekezo hili mbele ya Mkutano. Pawepo daftari moja, litunzwe shuleni, na nakala yake ikae ofisi ya usharika. Kila mtoto aandikwe jina lake, aina ya mche wake, mahali ulipo na tarehe ya kupandwa. Likizo ianzapo, mtaa wa karibu upokee zamu ya kumwagilia na kufukuza mbuzi. Tuzo ya mti isitolewe mwaka wa kupanda. Itolewe Septemba ya mwaka wa pili, mwisho wa kiangazi, baada ya Wazee wawili na wanafunzi wawili kuzunguka na daftari mkononi. Mche uliokufa uandikwe kwamba umekufa na sababu yake itajwe, na mtoto wake apewe mwingine bila kukemewa. Na kazi ya miche isitumike tena kama adhabu.

Kamusi iliyo juu ya meza ni ya mwanafunzi wa kwanza kwa mtihani, naye ataipokea leo. Pembeni yake, kama wageni wanavyoona, limewekwa daftari jipya ambalo bado halijaandikwa kitu. Baada ya nyimbo za kwaya ya watoto, wanafunzi wa darasa la tano watawaongoza wageni hadi kwenye kitalu nyuma ya madarasa. Baba Askofu anaombwa kwa heshima asipande mti leo, kwa kuwa ni kiangazi. Anaombwa aandike jina lake katika ukurasa wa kwanza, achague mche wake, na arudi mvua zikianza.