Walioambiwa Wasisikie: Mada juu ya Dhuluma kwa Wenye Ulemavu Mzito katika Majumba ya Malezi



Maudhui niliyokabidhiwa ni mazito, wala sitajaribu kuyapunguza uzito wake, kwa kuwa wanaohusika ni waja ambao wengi wao hawawezi kufika penye mkutano kama huu wakajisemea wenyewe: mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, mtu ambaye maneno yake hayafahamiki ila na aliyemzoea, mtu ambaye chakula hakimfiki kinywani ila kwa mkono wa mwenzake. Nikitaja ulemavu mzito muradi wangu ni hao, na nikitaja jumba la malezi muradi wangu ni kila mahali wanapowekwa wakalala na kuamka chini ya uangalizi wa watu wasiokuwa aila yao, liwe ni jumba la serikali, la dini au la mtu binafsi.

Aghalabu dhuluma ikifichuka katika jumba la namna hiyo, wakubwa husema kwamba hawakuwa na habari. Nimezipima kadhia tatu, zilizotokea katika nchi tatu zisizolingana kwa utajiri wala kwa desturi, nikaona kwamba katika kila moja habari ilikuwapo mapema, ikaletwa na watu wanaojulikana, ikakataliwa; na wengi walioteswa, au waliokufa, yaliwapata hayo katika muda ule uliopita baina ya wakubwa kuambiwa na wakubwa kusikia.

Kadhia ya kwanza ni ya Willowbrook, jumba la serikali ya jimbo la New York katika Staten Island, lililokusudiwa watu wapatao 4,000 wenye ulemavu wa akili, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 likawa limesheheni zaidi ya 6,000. Mwaka 1965 Seneta Robert Kennedy alilizuru bila ya kutangaza safari yake, akatoka na ghadhabu, akalifananisha na shimo la nyoka, na magazeti yakaandika. Kisha mambo yakarejea yalivyokuwa. Humo humo, tangu katikati ya miaka ya 1950, madaktari walikuwa wakiwaambukiza watoto maradhi ya homa ya ini kwa makusudi ya utafiti, kwa idhini za wazazi wao. Na mwaka 1964, jumba lilipofunga milango kwa msongamano, watoto wapya waliendelea kupokewa katika wodi ya utafiti ule. Mzazi aliyechoka, asiyeona msaada mwingine popote, akiwekewa karatasi ya idhini mbele yake na kalamu, mimi siiti sahihi yake ridhaa.

Naomba tukae kidogo katika jambo la kulisha, kwa sababu ndipo dhuluma ya majumba haya inapoonekana sura yake ya kila siku. Mtu mwenye mtindio wa ubongo ulio mzito hana budi kuketishwa wima, ashikwe kichwa, apewe kidogo kidogo, angojwe ameze ndipo apewe tena, na mlo mmoja waweza kuchukua nusu saa. Katika Willowbrook kila mtoto alipata kama dakika tatu. Chakula kinachosukumwa kwa haraka hiyo huangukia njia ya pumzi, kikaingia mapafuni, na mtoto akafa kwa nimonia ambayo katika cheti itaandikwa kama maradhi mengine yoyote. Yule mlishaji yamkini si katili. Amepewa watu wengi na muda mchache, na baada ya miezi kadhaa mkono wake umezoea, na moyo wake umeufuata mkono. Idhilali iliyo nyingi kabisa ndiyo hii: kijiko kinachokwenda upesi, nguo iliyolowa ikaachwa mwilini, mtu asiyegeuzwa ubavu mpaka mgongo ukafanya kidonda. Mkaguzi anayekuja saa nne ya asubuhi, kwa miadi, akakuta sakafu imepigwa deki, hayo hatayaona kamwe.

Daktari Michael Wilkins aliyaona kwa kuwa alifanya kazi humo. Yeye na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, Elizabeth Lee, waliwakusanya wazazi ili wadai haki za watoto wao, na malipo yao yakawa ni kufukuzwa kazi mwanzoni mwa mwaka 1972. Ufunguo mmoja wa wodi ulikuwa umebaki kwa daktari, na kwa ufunguo huo mwandishi wa televisheni Geraldo Rivera aliingia na kamera, na Marekani nzima ikawaona watoto walio uchi, wamejikunyata katika uchafu wao. Katika waliohojiwa alikuwamo kijana Bernard Carabello, aliyeingizwa humo akiwa na umri wa miaka mitatu kwa kudhaniwa kwamba hana akili, akakaa miaka 18. Akili yake ilikuwa timamu, ila mtindio wa ubongo ulimfanya ulimi kuwa mzito, na watu hawakuwa na subira ya kumsikiliza. Wazazi walishitaki mwaka huo huo, hukumu ya maridhiano ikapatikana mwaka 1975, na jumba likafungwa kabisa mwaka 1987.

Ulimwengu ulijifunza katika kadhia hiyo kwamba majumba makubwa yafungwe, na watu waishi katika nyumba ndogo karibu na jamaa zao. Naliunga mkono fundisho hilo kwa moyo wote. Lakini tazameni lilivyotumiwa katika Afrika Kusini. Mwaka 2015 idara ya afya ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba wake na kampuni ya Life Esidimeni, iliyokuwa ikiwatunza wagonjwa wa akili na wenye ulemavu mzito wa akili, kwa hoja kwamba wataishi karibu na jamii, na kwa hoja ya pili kwamba gharama itapungua, kwani siku moja ya mgonjwa iliyogharimu randi 320 ingegharimu randi 112. Jamaa zao walipinga, matabibu wa akili wakaonya kwa maandishi, shauri likafika hata mahakamani, idara ikashikilia. Mwaka 2016 wagonjwa wakahamishwa kwa pupa kwenda katika jumuiya 27 zisizo za serikali ambazo zote hazikuwa na leseni halali. Wengine walifungwa kwa mashuka wasianguke, wengine walibebwa katika magari ya wazi ya mizigo, na ndugu wakabaki kuzunguka kutoka kituo hata kituo wakiulizia mtu wao yuko wapi. Mwezi wa Septemba baraza la jimbo liliambiwa kwamba wamekufa 36. Mchunguzi wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, alipotoa ripoti yake Februari 2017 alikuta wamezidi 94, na Jaji mstaafu Dikgang Moseneke alipotoa uamuzi wake Machi 2018 idadi ilikuwa 144. Wako waliokufa kwa njaa na kwa kiu.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni taksiri ya ufukara. Basi aitazame Winterbourne View, karibu na Bristol katika Uingereza, hospitali ndogo ya vitanda 24, ambako kila mgonjwa aligharimu wastani wa pauni 3,500 kwa wiki. Muuguzi Terry Bryan aliwaarifu wakubwa wake, akaiarifu na mamlaka ya ukaguzi, asijibiwe. Mwaka 2011 kamera iliyofichwa ya BBC ikaonyesha wagonjwa wakipigwa, wakiburutwa na kumwagiwa maji, na mwaka uliofuata wafanyakazi 11 wakahukumiwa. Hapo palikuwa padogo na pesa ilikuwapo tele.

Mataifa yetu yamekwisha kuahidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na kifungu chake cha 16 kinataka kila huduma ya wenye ulemavu ichunguzwe barabara na mamlaka zilizo huru. Jumba linalojikagua lenyewe, au linalokaguliwa na ofisi ile ile inayolilipa, halijatimiza ahadi hiyo.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlio wasimamizi wa majumba, na ninyi maafisa wa ustawi wa jamii, mtakaporudi vituoni mwenu, muwaruhusu jamaa kuingia saa yoyote pasipo miadi. Ukaguzi uwe wa saa ya chakula na wa usiku. Kila kifo kiandikwe pamoja na sababu yake na kupelekwa kwa mtu aliye nje ya jumba. Na mfanyakazi atakayekuja kwenu na habari mbaya asipoteze kazi yake kwa ajili ya kuileta. Tena mketi na wale wasiosema, mjifunze wanavyoitikia kwa jicho, kwa kidole au kwa picha, muwaulize wao wenyewe nani huwalisha vyema na nani wanamwogopa, na jawabu lao liandikwe kama ushahidi wa mtu mwingine yeyote.